Haki ya Kuizuia Ndege

Mnamo Julai 1991 msimu wa Hija ulikuwa umekwisha, na uwanja wa ndege wa Jeddah ulikuwa umefurika mahujaji wanaorejea makwao. Miongoni mwao walikuwamo Wanigeria waliokuwa wakirudi Sokoto. Shirika la Nigeria Airways lilikuwa limekodi ndege ya DC-8 kutoka Nationair, kampuni ya Kanada, na ndege hiyo ilikuja na marubani, wahudumu na mafundi wake. Kazi za msimu wa Hija hufanywa kwa ratiba ya kubana. Ndege hushusha kundi moja na kugeuza kufuata jingine, na anayeichelewesha huonekana kuwa ndiye tatizo.

Siku chache kabla ya safari ya tarehe 11, mafundi walikuwa wamekwisha kujua kwamba baadhi ya tairi za ndege hiyo zilikuwa zimepungua presha. Fundi kiongozi alitaka jambo hilo lirekebishwe. Ilihitajika gesi ya naitrojeni, na naitrojeni haikuwa karibu. Msimamizi wa mradi, ambaye hakuwa na sifa za kitaaluma za kuamua kama ndege inafaa kuruka au haifai, alikuwa akisukumwa na ratiba. Ndege ikaachwa iende na tairi zake vilevile.

Asubuhi ya tarehe 11 Julai walipanda abiria 247 na wafanyakazi 14.

Sura hii inahusu ukaguzi wa miguu ya ndege, yaani ule mfumo mzima wa nguzo, magurudumu, breki na mitambo ya kuikunjua na kuikunja. Wengi hudhani ukaguzi ni kuangalia tu. Ajali nitakazozieleza zinaonyesha kwamba unasimama juu ya vitu viwili: kujua chuma kina hali gani, na kuwa na mamlaka ya kusema ndege isiondoke. Kimoja kikikosekana, kingine hakiokoi mtu.

Mzigo ulioko chini

DC-8 ya aina ile ilikuwa na magurudumu 10: mawili chini ya pua, na manne kwa kila mguu mkuu. Ikijaa, inaweza kuzidi tani 140. Uzito wote huo hubebwa na tairi hizo wakati ndege inatembea ardhini, na ikikaribia kuruka spidi yake hupita kilomita 250 kwa saa. Ndiyo maana tairi za ndege kubwa hushindiliwa kwa takriban paundi 200 kwa kila inchi ya mraba, mara 6 hivi ya tairi ya gari dogo.

Naitrojeni hutumika kwa sababu ni kavu na haichochei moto. Hewa ya kawaida ina oksijeni, na ndani ya tairi iliyopata joto kupita kiasi oksijeni hiyo inaweza kukutana na mvuke wa mpira ikalipuka. Tarehe 31 Machi 1986, ndege ya Boeing 727 ya shirika la Mexicana, safari 940, ilianguka milimani nchini Meksiko na kuua watu wote 167. Breki ya mguu mkuu wa kushoto ilikuwa imepata joto kali, na tairi iliyojazwa hewa ya kawaida ikalipuka ndege ikiwa angani, ikakata mabomba ya mafuta na ya haidroliki. Baadaye mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliamuru tairi za magurudumu yenye breki katika ndege kubwa zijazwe naitrojeni. Kwa hiyo fundi wa Jeddah aliyeihitaji gesi hiyo hakuwa akishikilia utaratibu kwa ukaidi. Nyuma ya utaratibu huo kulikuwa na makaburi.

Tairi iliyopungua presha ina ubaya wa aina mbili. Kwanza, mbavu zake hujikunja na kujikunjua kwa kila mzunguko, na kule kujikunja huzaa joto linaloulegeza mpira na nyuzi zake kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Pili, humwachia mwenzake mzigo. Ni sawa na watu wawili waliobeba mtungi kwa mti mabegani: mmoja akilegea magoti, uzito wote humwelemea wa pili, ingawa yeye ni mzima. Ndiyo sababu tairi ikikutwa imepungua sana, kanuni za watengenezaji hazimruhusu fundi kuijaza tu na kuendelea na kazi. Inatolewa, na mara nyingi ile iliyo nayo kwenye ekseli moja inatolewa pia, hata kama kwa macho haina kasoro. Vilevile presha hupimwa tairi zikiwa zimepoa, kwa kuwa joto la kutua hupandisha presha na kuficha upungufu.

Huko Jeddah, ndege ilitembea safari ndefu ya ardhini kutoka ilipoegeshwa hadi mwanzo wa njia ya kurukia. Tairi namba 2 ilikuwa na upungufu, na mzigo wake ukaiangukia namba 1 iliyo pembeni yake. Ndege ilipoanza kukimbia ili iruke, namba 1 ilipasuka mapema kabisa, na namba 2 ikafuata. Kisha gurudumu namba 2 likaacha kuzunguka na kuburuzwa juu ya lami. Msuguano ukatoa joto la kutosha kuwasha mabaki ya mpira.

Marubani walisikia mshindo na kuhisi mtikisiko, lakini hawakuwa na kifaa cha kuwaonyesha kwamba kuna moto chini yao. Waliinuka, wakaikunja miguu kama ilivyo desturi, na moto ukaingizwa ndani ya tumbo la ndege, jirani na mabomba ya haidroliki, nyaya na tangi la mafuta. Wakaanza kuona onyo moja baada ya jingine, kila moja likielekeza kwenye hitilafu tofauti, huku moto ukila sakafu ya chumba cha abiria. Walijitahidi kurudi. Dakika kama 10 baada ya kuruka, ndege ilianguka kabla ya kuifikia njia ya kurukia. Wote 261 walifariki.

Katika historia ya DC-8 hakuna ajali iliyoua watu wengi zaidi ya hiyo. Chanzo chake kilikuwa tairi ambazo upungufu wake ulijulikana. Aliyejua alikuwapo na alisema, lakini neno lake halikuwa na uzito wa kuisimamisha ndege.

Kutu ndani ya hesi

Upande wa pili wa jambo hili ni mamlaka bila maarifa: watu wenye uwezo wa kuizuia ndege lakini wasioijua hatari iliyomo. Hapa mfano wa kwanza ni wa Portland, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, tarehe 28 Desemba 1978.

Safari 173 ya United Airlines, nayo DC-8, ilikuwa ikijiandaa kutua ikiwa na watu 189. Miguu ilipoteremshwa kulisikika kishindo kisicho cha kawaida, ndege ikayumba, na taa ya kijani inayothibitisha kwamba mguu umejifunga haikuwaka. Rubani mkuu aliizungusha ndege angani kwa takriban saa moja, akitafuta uhakika kuhusu miguu na kuwaandaa abiria kwa dharura. Mafuta yakaisha. Injini zikazimika moja baada ya nyingine, na ndege ikaanguka kwenye kitongoji kilomita chache kutoka uwanjani. Watu 10 walikufa.

Ajali hiyo hufundishwa mpaka leo kwa sababu ya mafuta yaliyosahauliwa na kwa sababu wasaidizi wa rubani hawakusema kwa nguvu ya kutosha kwamba yanaisha. Ilichangia kuzaliwa kwa mafunzo ya ushirikiano wa marubani yanayotolewa sasa dunia nzima. Ila kile kishindo kina historia yake, na ndicho kinachotuhusu hapa. Katika silinda inayoinua na kushusha mguu mkuu wa kulia kuna fimbo ya pistoni, na mwishoni mwake hufungwa kichwa chenye jicho kwa njia ya hesi, yale meno ya mzunguko kama ya bolti. Unyevu ulikuwa umepenya humo, na kutu ilikuwa imeyala meno mpaka yakakosa nguvu ya kushika. Kichwa kikachomoka, na mguu ukaanguka kwa uzito wake wote badala ya kushushwa taratibu. Kishindo hicho kiliharibu swichi ya taa. Mguu wenyewe ulikuwa umeteremka na kujifunga, ila taa haikuweza kulisema hilo.

Miaka 29 ikapita. Tarehe 9 Septemba 2007, ndege ya Dash 8 Q400 ya shirika la SAS, ikitoka Copenhagen, ilikuwa ikitua Aalborg nchini Denmark na watu 73. Mguu mkuu wa kulia haukujifunga. Ulipogusa ardhi ulikunjika, bawa likaburuzwa, rafadha ikajipiga chini na vipande vyake vikatoboa ubavu wa chumba cha abiria. Kabla ya kutua, wahudumu walikuwa wamewahamisha abiria waliokaa karibu na rafadha hiyo. Wote walinusurika.

Siku tatu baadaye, Q400 nyingine ya SAS iliyokuwa ikienda Palanga ilipata tatizo lilelile. Ikapelekwa Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, nayo ikatua mguu wake wa kulia ukikunjika. Wachunguzi walipofungua mitambo walikuta kwamba kichwa cha fimbo kimechomoka kwenye pistoni, na meno ya hesi yameliwa na kutu.

Ndege za muundo tofauti, za vizazi viwili na mabara mawili, ziliugua mahali pale pale. Kutu ya ubavuni mwa ndege huonekana ikifurisha rangi, na fundi huiona akiwa amesimama. Ya ndani ya hesi iko kati ya vyuma viwili vilivyokazwa. Tochi haifiki, kioo cha mkono hakifiki, na sehemu hiyo inaweza kuonekana imara mpaka siku inapoachia. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, lakini huu ni mwiba ambao mwenye mguu hakuuona, na asiyeuona hawezi kulaumiwa kwa kuudharau. Dawa yake ni kanuni inayomwambia fundi afungue wapi, lini, na apime nini.

Kilichofuata kinastahili sifa. Ndani ya siku chache Bombardier, kampuni iliyounda Q400, ilishauri kila ndege ya aina hiyo iliyokwisha kutua zaidi ya mara 10,000 isiruke mpaka miguu yake ikaguliwe. Mamlaka ya anga ya Kanada, nchi ilikotengenezwa, ikatoa agizo. Abiria wengi walikwama. Hakuna aliyeambiwa aendelee kuruka kwa kuwa ratiba ni ndefu.

Tarehe 27 Oktoba 2007, Q400 ya tatu ya SAS ilitua Copenhagen bila mguu mmoja kuteremka. Safari hii chanzo kilikuwa kingine: kipande kidogo cha mpira, pete ya kuzuia mvujo, kilikuwa kimeziba njia ya mafuta ya haidroliki ndani ya vali. Watu wote walitoka salama. Kesho yake SAS ikaamua kuachana kabisa na ndege hizo. Pete ndogo kama ile ilitosha kuuzuia mguu unaobeba tani nyingi, na ndiyo maana ukaguzi mzuri huchunguza usafi wa mafuta na vali kwa bidii ileile unayochunguzia nguzo za chuma.

Kazi ya fundi

Ukaguzi wa miguu huenda kwa tabaka. Kabla ya kila safari rubani au fundi huizunguka ndege kwa miguu yake. Huangalia tairi zina majeraha gani, kama nyuzi zimetokeza, kama kuna mafuta yanayovuja, na kama sehemu ya nguzo inayong'aa, ile iliyopakwa kromu, imejitokeza kwa urefu unaotakiwa. Nguzo hiyo ndiyo shokapu ya ndege, yenye mafuta na naitrojeni ndani yake. Ikizama kupita kiasi, gesi au mafuta yamepungua, na pigo la kutua litafika kwenye mwili wa ndege. Breki nazo huwa na pini ndogo inayofupika kadiri zinavyolika. Fundi akiitazama anajua zimebaki kiasi gani.

Katika matengenezo makubwa ndege huinuliwa kwa majeki ndani ya karakana, miguu ikiwa hewani, kisha hukunjwa na kukunjuliwa mara kadhaa. Fundi husikiliza, hutazama milango inavyofunguka, na hupima kama kila kufuli linaingia mahali pake. Hujaribu pia njia ya dharura, ambayo katika ndege nyingi ni kuifungua miguu ianguke kwa uzito wake pale haidroliki inaposhindwa.

Baada ya miaka mingi, kwa ndege nyingi kubwa takriban 10, miguu hung'olewa yote na kupelekwa kwenye karakana maalumu. Huko hufunguliwa mpaka kipande cha mwisho. Rangi na kromu ya zamani hutolewa. Vipande vya chuma cha pua na aluminiamu hupakwa kimiminika cha rangi kinachopenya kwenye nyufa na kung'aa chini ya taa maalumu. Vya chuma kigumu hutiwa sumaku na kumwagiwa unga laini wa chuma, nao hujipanga juu ya ufa mwembamba kuliko unywele. Baada ya kupakwa kromu upya, chuma kigumu huokwa kwenye tanuri ili kutoa hidrojeni iliyokiingia wakati wa kupakwa. Hidrojeni ikiachwa humo, chuma hukatika ghafla siku moja, bila kupinda na bila kuonya.

Vipande vingine vina umri wa kufa. Kikifikisha idadi iliyowekwa ya kutua, kinatupwa hata kama hakina mkwaruzo. Na lazima kila kimoja kiwe na historia yake kwa maandishi tangu kilipotoka kiwandani. Kikipoteza karatasi zake, hakina thamani tena, kwa kuwa hakuna awezaye kukiuliza kimetua mara ngapi. Mtu asiyeijua kazi hii huona huo ni urasimu. Lakini uchovu wa chuma hauonekani kwa macho mpaka ufa uzaliwe, na kabla ya hapo ushahidi pekee ni hesabu iliyoandikwa kwa uaminifu.

Uaminifu huo unamgusa rubani pia. Ndege ikitua kwa kishindo, yeye ndiye wa kuandika kwenye kitabu cha ndege ili mafundi wafanye ukaguzi maalumu. Rubani anayejua kwamba kuripoti kutamletea fedheha atashawishika kunyamaza, na kunyamaza kwake kutasafiri na abiria wa kesho.

Kwenye pwani yetu

Haya si ya Denmark na Marekani peke yake. Dash 8 Q400 ndizo zinazobeba abiria wengi wa safari za ndani katika Air Tanzania, ambayo ilipokea mbili za kwanza mwaka 2016, na katika Jambojet ya Kenya. Ni ndege nzuri, na kasoro ya mwaka 2007 ilishughulikiwa kwa maagizo yanayojulikana. Ila zinatua Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, ambako upepo wa bahari una chumvi na unyevu, vitu viwili ambavyo kutu huvipenda. Ndege ndogo nazo huhudumia viwanja vya changarawe na vumbi kwenye mbuga. Vumbi hunata juu ya kromu yenye mafuta, hukwaruza, na kuchana mipira ya kuzuia mvujo. Kupangusa nguzo kwa kitambaa safi ni kazi inayodharaulika, na ni miongoni mwa kazi zinazorefusha maisha ya mguu. Hata kuosha kuna elimu yake: maji ya presha kali yakielekezwa kwenye beringi hufukuza grisi na kuacha maji mahali pake.

Ratiba ya ukaguzi iliyoandikwa kwa ajili ya nchi kavu na baridi haitoshi kufuatwa kwa tarehe tu katika mazingira kama haya. Shirika makini huongeza mara za kupaka grisi na kukagua kutu, hata kama hilo linaiweka ndege chini siku nzima katika msimu wa watalii.

Ndipo tunaporudi kwenye mamlaka. Tanzania na Kenya zina mamlaka za usafiri wa anga zinazotoa leseni kwa wahandisi wa ndege, na baada ya matengenezo ndege hairuhusiwi kurudi kazini bila saini ya mwenye leseni. Kisheria, saini hiyo ni yake peke yake. Katika maisha ya kila siku, anaitoa saa tisa za usiku, baada ya zamu ndefu, simu ya ofisi ya ratiba ikilia, abiria wa kwanza wakianza kufika uwanjani. Kama mwajiri humsifu fundi anayewahisha ndege na humnunia anayeizuia, kila mtu karakanani anajifunza upesi kinachotakiwa, hata kama ukutani kumebandikwa bango la usalama.

Kwa hiyo kipimo cha ukaguzi wa shirika ni swali moja: fundi wa mwisho aliyeizuia ndege, kisha ikaonekana haikuwa na kasoro, alitendewa nini? Kama alishukuriwa, shirika hilo linafanya ukaguzi. Kama alikaripiwa, linakusanya saini. Siku ambayo kasoro itakuwa ya kweli, fundi wa pili atakumbuka kilichompata wa kwanza.

Nasi abiria tuna sehemu yetu. Tukitangaziwa kwamba safari imechelewa kwa sababu za kiufundi, hasira zetu kwenye kaunta hufika karakanani kwa njia ya meneja, na huko huwa uzito unaomwelemea mtu aliyeshika geji ya kupima tairi. Tuna haki ya kupewa maelezo, chakula na mahali pa kulala. Kumharakisha fundi si sehemu ya haki hiyo. Tulilipa nauli ili awepo mtu mwenye ujuzi wa kuiona hatari na uhuru wa kusema hapana, na anapoutumia uhuru huo anatupa kile hasa tulichokilipia.